Njoo Ijumaa: kwa nini kazi ya dakika 50 inakaa siku 5 kiwandani

Miaka kadhaa nilikaa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na sikuwa fundi wa mashine, nilikuwa yule jamaa wa mezani anayepokea oda halafu anamwambia mteja aje lini. Na niseme ukweli, hiyo tarehe nilikuwa naitoa kichwani tu. Mteja akija Jumatatu, njoo Ijumaa. Akija Jumanne, njoo Ijumaa. Akija Jumatano analia shida, nakunja uso kidogo kama vile napiga hesabu nzito halafu namwambia njoo Ijumaa, na Ijumaa yenyewe ikifika benchi la nje limejaa watu na mimi nimejificha stoo najifanya nahesabu rimu za karatasi.

Siku moja akaja mama mmoja anayeuza asali, alikuwa na oda ya lebo. "Mwanangu, hizi lebo mashine inazichapa kwa muda gani?" Nikamwambia kama dakika hamsini hivi mama. Akanitazama. "Dakika hamsini. Sasa hizo siku tano mnazifanyia nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, ila ni refu, maana ndani yake kuna mambo mawili ambayo wengi tunayachukulia kama ya watu wawili tofauti, la fundi na la mtu wa mezani, kumbe ni jambo moja: kazi ipi ianze, na tarehe gani umpe mteja. Na katikati yao amekaa mchawi wao, muda wa kuseti mashine.

Tuanze na huyo mchawi. Mashine yetu ilikuwa ofseti ya rangi moja, zile ambazo wino unapita kwenye rola kibao kabla haujafika kwenye pleti, lile bati lenye maandishi ya kazi yenyewe. Ukimaliza kazi nyeusi na inayofuata ni nyeusi pia, unabadilisha pleti, unaweka karatasi, unarekebisha kidogo, dakika 10 umeshaanza. Ila ukitoka nyeusi kwenda njano, ole wako. Unakomba wino wote, unaosha rola mara ya kwanza, kitambaa kinatoka cheusi ti, unaosha ya pili kinatoka kijivu, unajidanganya imetosha, unaweka njano, unapitisha karatasi za majaribio, na zinatoka rangi fulani ya kijani cha matope kama mchicha uliolala. Unakomba tena, unaosha ya tatu. Saa nzima imeenda na hujachapa hata lebo moja ya kuuza. Sasa geuza, toka njano kwenda nyeusi, hakuna anayejali, njano kidogo ndani ya nyeusi nani ataiona, unaosha juu juu dakika 20 na maisha yanaendelea.

Umeona kilichotokea hapo? Muda wa kuseti sio mali ya kazi yenyewe. Unategemea kazi iliyotangulia. Kwahiyo mtu akikuuliza lebo za asali zinachukua muda gani, jibu la kweli ni "zinafuata baada ya nini?" Viwanda vya rangi za nyumba wanalijua hili toka zamani, ndio maana wanapenda kuanza na nyeupe wakishuka taratibu mpaka kwenye rangi nzito. Wa ndoo na mabeseni ya plastiki hivyo hivyo. Wa biskuti nao wana lao, mashine ikitoka kwenye mchanganyiko wenye karanga lazima ioshwe kwelikweli kabla ya kuingia mchanganyiko usio na karanga, maana kuna watu karanga zinawaletea mzio wa kufa.

Sasa chukua siku moja. Namba nimezilainisha kidogo ili hesabu ifuatike ila ndivyo siku zetu zilivyokuwa. Mashine imelala na wino mweusi, tunaanza saa 2 kamili asubuhi, mezani kuna kazi 5. Vitabu vya risiti, nyeusi, dakika 100, vinatakiwa saa 4 asubuhi. Lebo za asali, njano, dakika 50, saa 6 mchana. Fomu za shule, nyeusi, dakika 90, saa 8:45 mchana. Vipeperushi vya duka la simu, njano, dakika 60, saa 9 alasiri. Na ya tano ratiba ya ibada ya msiba, nyeusi, dakika 70, saa 10 jioni, na hii hata usipoambiwa unajua haichelewi, mazishi hayaahirishwi kwa sababu ya rola.

Njia ambayo kila mtu ataisema kwanza: inayotakiwa mapema ianze mapema. Haya, tuifuate. Risiti zinatoka saa 3:50, safi. Unaosha saa nzima, lebo zinatoka saa 5:40, safi. Unaosha dakika 20, fomu saa 7:30, safi sana. Unaosha tena saa nzima, vipeperushi saa 9:30, vimechelewa nusu saa. Dakika 20 nyingine za kuosha, ratiba ya msiba inatoka saa 11 jioni. Saa nzima imechelewa. Na angalia, siku hiyo umetumia dakika 170 kuseti na kuosha, karibu masaa matatu unashika vitambaa.

Fundi wetu mkuu, mzee mmoja hivi aliyekuwa haongei sana, yeye alikuwa na falsafa yake: "Mimi siondoi weusi mara mbili kwa siku." Kwahiyo yeye anapiga nyeusi zote kwanza, halafu njano zote. Kuseti kunashuka mpaka dakika 100, mashine inamaliza kila kitu saa 9:50, mzee anawahi kwenda kwake. Risiti, fomu, msiba, zote zinatoka mapema kabisa. Ila lebo za asali zinatoka saa 8:40 wakati mama alitakiwa kuzichukua saa 6, masaa mawili na dakika 40 amekaa kwenye benchi langu, na vipeperushi vinachelewa dakika 50. Mzee anaona siku imekwenda vizuri. Mimi ndio naangaliwa na mama wa asali.

Sasa ona hii. Chukua ule mpangilio wa kwanza wa kufuata tarehe, halafu badilisha kitu kimoja tu, vipeperushi vitangulie fomu za shule. Basi. Risiti saa 3:50. Lebo saa 5:40. Mashine iko kwenye njano tayari, unabadilisha pleti dakika 10, vipeperushi vinatoka saa 6:50. Dakika 20 za kuosha, fomu saa 8:40, zimebakiza dakika 5 tu. Pleti, dakika 10, ratiba ya msiba saa 10 kamili. Zote tano ndani ya muda. Kuseti jumla dakika 110. Fundi yule yule, mashine ile ile, wino ule ule, hakuna aliyefanya ovataimu, tofauti ni kazi mbili jirani kubadilishana viti.

Hii ndio ilinifungua macho. Kwa sababu mimi na mzee tulikuwa tunagombana kila wiki, mimi namwambia fuata tarehe, yeye ananiambia fuata rangi, na kumbe wote wawili tulikuwa tumekosea kwa usawa kabisa.

Na sio kwamba kufuata tarehe ni ujinga. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, J. R. Jackson, alithibitisha kihesabu kwamba kwa mashine moja, kazi zote zikiwa ziko tayari toka mwanzo, ukizipanga kwa tarehe inayotakiwa basi ile kazi itakayochelewa kuliko zote itachelewa kidogo kadri inavyowezekana, hakuna mpangilio mwingine utakaoishinda. Ni uthibitisho mzuri na mfupi. Ila una sharti lililofichwa, kwamba ukibadilisha mpangilio jumla ya muda haibadiliki. Pale tu mpangilio unapoanza kuongeza au kupunguza saa za kuosha, sharti limevunjika na uthibitisho haukulindi tena. Watu wengi wanabeba kanuni wanaacha sharti lake nyumbani.

Basi si tujaribu mipangilio yote tuchague iliyo bora? Kwa kazi 5 sawa, ipo 120, ukiwa na mchana mzima na daftari utazimaliza. Kazi 10 ni mipangilio 3,628,800. Kazi 20, na kazi 20 kwenye kiwanda ni meza ya kawaida tu ya Jumatatu, ni mipangilio zaidi ya bilioni 2 mara bilioni 1. Tuseme una kompyuta inayokagua mipangilio bilioni 1 kila sekunde, ungeiwasha leo ingekuletea jibu baada ya miaka kama 77. Mteja anataka Ijumaa. Ni ndugu wa damu wa lile fumbo la mchuuzi anayetaka kupita miji yote kwa njia fupi halafu arudi kwao, kazi ndio miji, kuosha rola ndio umbali, na hapa umbali wa kwenda sio sawa na wa kurudi. Hakuna mtu mpaka leo aliyepata njia ya haraka ya kupata jibu bora kabisa kila mara, na wengi wa wanaojua hesabu hizi wanaamini haipo.

Ndio maana viwandani watu hawatafuti jibu bora kabisa, wanatafuta zuri la kutosha. Unaanza na mpangilio wa tarehe, halafu unajaribu kuhamisha jirani kwa jirani, ukiona kuna kuosha kunakofutika bila kumuumiza mtu unakubali, ukiona hakuna unaacha. Programu za kompyuta zinafanya ujanja mkubwa zaidi ya huo lakini roho yake ni hiyo hiyo. Wengine wanaweka mzunguko, Jumanne na Alhamisi ni siku za njano, na mteja wa njano anapewa tarehe kulingana na hizo siku. Tulikuja kufanya hivyo mwishoni na ugomvi na mzee ukapungua sana, ingawa hakuwahi kukubali kwamba alikuwa amekosea. Wala mimi.

Kuna kanuni nyingine inayostahili kutajwa, unaijua hata kama hujawahi kuisikia. Umeenda steshenari kutoa kopi moja ya kitambulisho, mbele yako kuna mwanafunzi wa chuo na tasnifu yake kurasa 200 mara nakala tano. Kila mtu kwenye foleni anafikiria kitu kimoja, si amwambie huyu asogee kidogo tupite? Na hesabu iko upande wenu. W. E. Smith mwaka 1956 alionyesha kwamba ukitanguliza kazi fupi, wastani wa muda ambao watu wanakaa pale unakuwa mdogo kabisa, na kama wateja wana uzito tofauti unagawanya muda wa kazi kwa uzito wake ndio unapanga. Shida yake unaiona mwenyewe, wenye kopi moja wakiendelea kuja huyo mwanafunzi atalala hapo. Wastani mzuri, mtu mmoja analia.

Na kuna ya J. Michael Moore ya mwaka 1968, hiyo ndiyo inanichekesha. Yeye aliuliza, kama shida yangu ni idadi tu ya kazi zilizochelewa, bila kujali zimechelewa kiasi gani, nifanyeje? Jibu lake: panga kwa tarehe, ukifika kwenye kazi inayochelewa, toa ile ndefu kuliko zote ulizokwishapanga mpaka hapo uipeleke mwisho kabisa, endelea. Maana yake ukishaitoa sadaka huihangaikii tena, ichelewe saa moja ichelewe wiki ni ile ile. Sasa nenda kwa fundi cherehani wiki ya sikukuu uone. Gauni lako la mashono mengi halijaguswa, umeshagombana naye mara mbili, wakati huo anamaliza sketi tatu za watu waliokuja jana. Unadhani anakudharau. Fundi wa watu amegundua kanuni ya Moore peke yake bila karatasi, amekuweka kwenye fungu la sadaka. Ubaya ni kwamba Moore alikuwa anahesabu kazi, hakuwa anahesabu wateja wasiorudi.

Tukija kwenye tarehe sasa, maana mpaka hapa tumefanya kama vile tarehe zimeshuka kutoka mbinguni. Hazikushuka. Nilizitoa mimi. Na hapa ndipo viwanda vingi vinapojipiga risasi mguuni kabla hata mashine haijawashwa, mtu wa mezani anaahidi, fundi anabeba.

Njia yangu ya "njoo Ijumaa" ni ya kumpa kila mtu muda ule ule bila kujali kazi yake. Ni rahisi kukumbuka na ni ya hovyo, kazi ya dakika 20 na kazi ya siku mbili zinapewa tarehe moja. Ya pili, ambayo nayo ni maarufu, unachukua ukubwa wa kazi unauzidisha, kazi ya saa moja unaipa mara nane, ya masaa matano mara nane. Afadhali, kubwa inapata muda mkubwa. Ila hii nayo imefumba macho, haiangalii kama meza iko tupu au imejaa, mteja wa Januari pale hakuna kazi na mteja wa Desemba wakati kila ofisi inataka kalenda wanapewa jibu moja. Ya tatu ndiyo ya mtu mzima: unahesabu kilichopo kwenye foleni, pamoja na kuosha kwake, unaona kazi mpya itakaa kiti gani, halafu unatoa tarehe.

Na kuhesabu foleni wala hakuhitaji shahada. Kuna kanuni ya John Little, aliithibitisha mwaka 1961, yaani ni rahisi mpaka inaudhi. Idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na zinazoingia kwa siku mara siku ambazo kila moja inakaa. Geuza: kama mezani kuna oda 40 na kiwanda kinatoa oda 8 kwa siku, basi kwa wastani oda inakaa siku 5. Hata uapie Mungu, hata uchape mtu makofi, oda 40 kwa 8 ni siku 5. Jibu la mama wa asali lilikuwa hapo, dakika 50 ni za mashine, siku 5 zilizobaki lebo zake zimekaa nyuma ya migongo ya watu wengine. Na ukimuahidi mtu siku 2 bila kumuondoa mtu mwingine kwenye foleni, hujamuahidi, umemdanganya, tofauti ni kwamba hujui bado.

Halafu kumbuka hiyo 5 ni wastani. Hapa niliumia sana. Nilipoanza kuhesabu nikawa najisifu natoa tarehe ya kweli, siku 5, na bado karibu nusu ya watu wanakuta kazi haijaisha. Ndiyo, wastani maana yake wapo wa siku 3 na wapo wa siku 8. Umeme umekatika, pleti imeharibika, mteja wa mbele amebadilisha namba ya simu kwenye kadi wakati tayari tumeanza kuchapa. Tarehe unayomwambia mteja inatakiwa iwe ile ambayo kazi 9 kwenye 10 zinaiwahi, na kuijua inabidi uwe umeandika, kila kazi iliingia lini ikatoka lini. Daftari la miezi mitatu linatosha kukuaibisha.

Lakini kwa nini foleni inakuwa ndefu hivyo wakati mashine inaonekana inatosha? Rudi kwenye zile kazi tano. Kuchapa kwenyewe, jumla ni dakika 370. Siku ya masaa 8 ina dakika 480. Ukimwambia bosi kwamba mashine ina kazi ya asilimia 77 tu atakwambia leta oda nyingine. Weka na kuseti sasa: kwa ule mpangilio mzuri ni 370 na 110, dakika 480 kamili, hakuna hata dakika ya fundi kunywa chai. Kwa mpangilio wa kufuata tarehe tu ni dakika 540 kwenye siku yenye 480, mashine inakudai saa moja kila siku, na deni hilo linalala linaamka nawe.

Na foleni haikui polepole kadri mashine inavyojaa, inakuja kwa kishindo. Kwenye mfano rahisi kabisa wa hesabu za foleni, ambapo kazi zinakuja bila mpangilio na hazilingani, mashine ikiwa na mzigo wa asilimia 50 kazi inasubiri kwa wastani muda sawa na kazi moja. Asilimia 80, muda wa kazi 4. Asilimia 90, kazi 9. Asilimia 95, kazi 19. Kutoka 90 kwenda 95 unaona kama umeongeza kidogo tu, kumbe umezidisha kusubiri mara mbili na zaidi. Ukifika 100 foleni haina mwisho. Kwahiyo kila dakika ya kuosha unayoiondoa haikuokolei dakika hiyo moja, inakuokolea na foleni iliyokuwa inaning'inia juu yake.

Jibu la kwanza la watu wengi hapa ni kukusanya, ngoja njano zifike kumi ndio tuoshe. Kweli kuosha kunapungua. Ila aliyeleta njano ya kwanza anasubiri tisa wenzake wafike, na wakati njano kumi zinapita wa nyeusi nao wamejipanga mpaka nje. Mvutano huu ni wa zamani, Ford Harris aliuandikia hesabu Marekani mwaka 1913, kwamba mafungu makubwa yanapunguza gharama ya kuseti ila yanaongeza gharama ya kukaa na mali, na kuna saizi ya katikati ambayo ni nafuu. Kwa miaka mingi watu waliifanya kama sala, gharama ya kuseti ni hii, kwahiyo fungu liwe hivi. Wachache sana waliuliza, kwani lazima kuseti kuchukue muda wote huo?

Aliyeuliza kwa sauti kubwa ni Mjapani, Shigeo Shingo. Mwaka 1950 alikuwa Hiroshima kwenye kiwanda cha Toyo Kogyo, ndio hao Mazda wa leo, wana mashine za kubana vyuma ambazo zinaonekana zimezidiwa na kazi, wanataka kununua nyingine. Akaomba kwanza aangalie tu. Akakaa pale, wakati wa kubadilisha kalibu, yaani kile chuma kinachotoa umbo, mfanyakazi akaanza kukimbia huku na huku, zaidi ya saa moja anatafuta bolti moja iliyopotea, akaja kuchukua ndefu kwenye mashine nyingine akaikata. Muda wote huo mashine imesimama. Hapo Shingo akatenganisha mambo mawili, kazi za kuseti zinazolazimu mashine isimame, na zile ambazo zingeweza kufanyika wakati mashine bado inafanya kazi iliyotangulia. Kutafuta bolti ni ya pili. Mwaka 1969 kule Toyota walikuwa na mashine ya kubana ya tani 1,000 inayosetiwa kwa masaa 4, wakaishusha mpaka dakika 90, bosi akasema haitoshi, ikashuka mpaka dakika 3.

Sisi hatukufika dakika 3, rola ni rola. Ila nilisimama siku moja na saa mkononi nikimwangalia msaidizi wa fundi. Ile saa moja ya kuosha weusi, kuna dakika anaenda stoo kutafuta wino wa njano, anakuta kopo limekauka juu anaanza kukwangua, anarudi kuchana vitambaa, anaenda kuuliza pleti iko wapi, pleti bado haijatengenezwa. Mzee kasimama anamsubiri. Tukaanza kuandaa toroli dogo, vitambaa, mafuta ya kuoshea, wino umeshakorogwa, pleti imeshakaguliwa, vyote viko pembeni kabla karatasi ya mwisho haijapita. Saa moja ikawa dakika 35, dakika 20 zikawa 15, zile 10 za pleti zikawa 5. Piga hesabu ya siku ile ile, kuseti kunatoka 110 kunakuwa 65, mashine inatoka asilimia 100 inafika 90 na ushei. Bado foleni ipo, ila sasa ina mwisho. Na kitu kingine kikabadilika kimya kimya: kuosha kukiwa rahisi, mpangilio mbaya hauumizi tena kama zamani, unaweza kumfuata mteja badala ya kumfuata rola.

Nimeacha makusudi habari ya gilotini, ile mashine ya kukata karatasi, na kushona vitabu, maana kazi ikipita mashine mbili au tatu hesabu inakuwa kitu kingine. Kwa mbili tu kuna kanuni ya S. M. Johnson ya 1954, zenye kuchapa kufupi zitangulie, zenye kukata kufupi zije mwishoni, ili gilotini isikae njaa mwanzoni wala isiachiwe mlima mwishoni. Zikifika tatu kwenda juu, karibu tena kwenye ile miaka 77.

Turudi kwenye ile siku ya kazi tano, kabla ya toroli. Saa 4 asubuhi, mzee yuko katikati ya kuosha weusi aweke njano ya lebo, simu inalia. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, kadi za mchango, njano, dakika 20 tu kaka, nazihitaji leo. Zamani ningesema sawa bosi njoo mchana, halafu ningemuachia Mungu. Sasa nikamwambia subiri nikupigie, nikachukua kalamu.

Nikizichomeka baada ya lebo, mashine iko kwenye njano, pleti dakika 10 na kuchapa 20, zinatoka saa 6:10. Nafuu kabisa kwa mashine. Ila kila kilicho nyuma kinasogea nusu saa: vipeperushi bado viko salama, fomu za shule zinachelewa dakika 25, na ratiba ya msiba inatoka saa 10 na nusu. Nikiziweka mwisho, baada ya msiba, naosha saa nzima kwa ajili ya dakika 20, mashine inachoka, mzee ananuna, zinatoka saa 11:20 na hakuna mwingine anayeguswa. Tarehe mbili, na kila moja ina mtu wa kuilipia.

Nikampigia. Mwenyekiti, ni saa 11 na nusu jioni, na kuna hela ya kuosha juu yake. Akalalamika kidogo kuhusu hela, kuhusu saa hakulalamika. Mzee alizitoa saa 11:20, akaziweka mezani kwangu bila kusema neno akaenda kunawa.

Mwenyekiti alikuja kuzichukua saa 1 usiku.